Mfumo Ni Nani?

Januari 2020, zikiwa zimebaki siku chache laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Tanzania, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya bibi mmoja. Kijana wa usajili alikuwa na meza ya plastiki, mwavuli wenye rangi za kampuni yake, na kile kimashine cha kuwekea kidole, kidogo kama kiberiti. Bibi akaweka kidole gumba. Kimashine kikakataa. Akakifuta kidole kwenye kanga, akakirudisha. Kikakataa tena.

"Jaribu cha kushoto, bibi."

"Vidole vya jembe hivi, mwanangu. Vimelika."

Mara ya tano au ya sita kikakubali. Bibi akachukua karatasi yenye namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, akaifunga kwenye pindo la kanga, halafu badala ya kuondoka akauliza: "Sasa hicho kidole changu kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda kwenye mfumo, bibi."

"Mfumo ni nani?"

Foleni nzima ikacheka, na kijana akacheka nayo. Bibi hakuwa anatania. Alikuwa ametoa kitu cha mwili wake na alitaka kujua amemkabidhi nani. Tangu siku ile nimesoma taarifa nyingi za wizara na za kampuni, na sijakutana na swali bora kuliko lile.

Neno lenyewe limekuwa kichaka cha kujifichia. Ukienda ofisini, mfumo uko chini. Ukidai pesa iliyokatwa, mfumo ndio umekata. Jina lako likikosekana, mfumo haukusomi. Aliyeujenga hayupo, aliyeulipia hatajwi, na aliyekaa mbele yako anaukodolea macho kama wewe. Watu wakianza kushuku, wataalamu husema wananchi wanahitaji elimu. Mimi naona elimu hiyo wanayo, na waliilipia ada wenyewe.

Kwanza tuliondoe dhana kwamba watu wetu wanaogopa mashine. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, watu waliombwa wafanye jambo zito: wampe mtu wa kibandani noti zao halali na kubaki na maandishi kwenye kioo cha simu. Walifanya hivyo kwa mamilioni. Angalia muamala ulivyokuwa. Wakala ni mtu wa mtaa, unajua kwao. Mbele yake kuna daftari. Anaandika tarehe, kiasi na namba ya simu, nawe unatia sahihi. Ujumbe unaingia kwenye simu yako na kwenye simu yake, una namba ya muamala na salio, na hamuachani mpaka umeingia. Kila hatua ilikaguliwa na mtu asiyejua lolote kuhusu seva. Imani ile ilizaliwa pale kaunta, kwa macho.

Kinachofuata ni hadithi ya vitu vilivyokuja bila kaunta. Nitakaa zaidi Kenya kwa sababu huko mambo mengi yamefikishwa mahakamani, na ya mahakamani huandikwa.

Mwaka 2018 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya marekebisho mbalimbali, zile sheria za mkupuo ambazo ndani yake huchanganywa kila kitu, na humo yakapenyezwa mabadiliko ya sheria ya usajili wa watu. Serikali ilipewa nafasi ya kukusanya alama za vidole, mboni, sauti, hata DNA na mahali hasa mtu anapoishi, vyote viwekwe kwenye hazina moja. Mtu angepewa namba moja ya maisha: Huduma Namba. Jukwaa la Haki za Wanubi na mashirika mengine yakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2019, usajili ukiwa unakaribia kuanza, majaji walitoa amri ya muda: endeleeni, lakini msimlazimishe mtu, msiweke siku ya mwisho, msimnyime mtu huduma kwa kutojisajili.

Vijijini na mitaani amri hiyo ilisikika kwa mbali sana. Kilichosikika kwa karibu ni kwamba bila namba hutapata pasipoti, hutasajili laini, hutapata matibabu. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu milioni 37 walikuwa wamesajiliwa. Wapo walioiita namba ya mnyama, ile 666 ya Ufunuo, na watu wa mjini wakawacheka. Siungi mkono uvumi. Lakini uvumi huota pale ambapo majibu hayakupandwa: mtu anachukuliwa vidole vyake vyote, anauliza ni vya nini, anaambiwa ni maendeleo.

Kwa nini Wanubi ndio walitangulia mahakamani? Mababu zao waliletwa kutoka Sudan na Waingereza kama askari, wakapewa makazi Kibra, na miaka zaidi ya mia moja baadaye vijana wao bado walikuwa wakipelekwa mbele ya kamati za kuhakiki ili wathibitishe kuwa ni Wakenya kabla ya kupata kitambulisho. Wasomali wa kaskazini mashariki waliyajua hayo hayo. Huko Garissa walikuwapo Wakenya ambao, wakati wa ukame na njaa, familia zao ziliandikishwa kambini kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Walipofikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama zao za vidole ziliwajibu kwamba wao ni wakimbizi. Kidole kimoja, hazina mbili za data, na mtu hana nchi. Mtu wa namna hiyo akisikia hazina moja kubwa inajengwa, hahitaji kufundishwa hofu.

Januari 30, 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa DNA na mahali mtu anapoishi visikusanywe kabisa, na kwamba mpango uendelee tu kukiwa na utaratibu kamili wa kisheria wa kulinda taarifa. Serikali ikasonga mbele ikaanza kutoa kadi. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema utoaji ule haukuwa halali: tathmini ya athari za faragha, inayodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshatumika. Serikali iliyofuata ikaja na Maisha Namba, na wananchi wakaombwa tena waamini.

Kuna kisa kingine ambacho kwangu ndicho chenye funzo kubwa zaidi, na ni cha kura.

Uchaguzi wa Agosti 2017 ulitumia mitambo ya kusoma vidole na kurusha matokeo. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya tume ya uchaguzi, aliuawa. Matokeo yakaanza kumiminika kwenye skrini pasipo fomu zilizotakiwa kuyathibitisha. Upinzani ukaenda Mahakama ya Juu, na mahakama ikaagiza tume ifungue seva zake zikaguliwe, kwa kuangalia tu. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo. Septemba 1, 2017 mahakama ikaufuta uchaguzi wa urais. Kuhusu seva, majaji wengi walisema kukataa huko kuliwaachia njia ya kukubali madai ya walalamikaji kwamba mitambo iliingiliwa au ilichezewa. Ni hoja ambayo kila muuza duka anaielewa: mhasibu akikataa kukuonyesha kitabu, tayari amekujibu.

Ukaja 2022. Tume ileile kwa jina, nchi ileile, na wengi walidhani mambo yatakuwa yaleyale. Safari hii fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, zile karatasi zilizojazwa kwa kalamu na kutiwa sahihi na mawakala wa vyama, zilipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya wazi. Mtu yeyote aliweza kuzipakua. Vyombo vya habari vikajumlisha, vijana wenye kompyuta ndogo wakajumlisha, watu wakatafuta fomu ya kituo chao na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Matokeo bado yalipingwa, na tume yenyewe iligawanyika dakika za mwisho. Lakini madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani yalipimwa kwa kitu kilicho mezani, na Septemba 5, 2022 majaji wote saba wakayakataa. Mitambo haikuwa imegeuka malaika kwa miaka mitano. Kilichoongezeka ni karatasi unayoweza kuisoma mwenyewe.

Juni 2024 ikaonyesha upande wa pili. Vijana walikuwa barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 24, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ikaporomoka. Kampuni kubwa ya simu ikasema nyaya zake mbili za chini ya bahari zilipata hitilafu. Sasa, nyaya hukatika kweli. Mei 12 mwaka huohuo, EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania tulikaa na intaneti ya kuvuta kamba siku kadhaa. Kwa hiyo maelezo yale hayakuwa ya ajabu. Ila hayakuaminika, na nadhani hata kama yangekuwa kweli tupu yasingeaminika, kwa sababu mwananchi hana pa kwenda kuangalia waya. Anachoweza kuangalia ni kalenda.

Na kalenda ya ukanda huu haimsaidii mtu kuwa na imani. Congo ya Kinshasa intaneti ilizimwa kuanzia Desemba 31, 2018, baada ya kura, ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Uganda ilizimwa Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, nchi nzima, siku tano. Tanzania ilizimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, na watu wakakaa siku kadhaa bila kujua kama ndugu zao ni wazima. Anayezima intaneti huwa na sababu zake za usalama. Anayezimiwa hubaki na kumbukumbu.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani tatizo ni serikali tu, na kampuni ndiyo kimbilio. Wengi huishi hivyo. Mtandao ukifungwa, tunapakua VPN ya bure, ile programu inayoyapitisha mawasiliano yako njia nyingine, tunashukuru Mungu. Wachache hujiuliza: njia yote ya mawasiliano yangu sasa inapitia mikononi mwa nani, na huyo anakula wapi ikiwa mimi simlipi?

Julai 2023 kampuni iitwayo Tools for Humanity, ambayo Sam Altman, bosi wa kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni mmoja wa waanzilishi wake, ilizindua mradi wa Worldcoin. Nairobi palifurika. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, mpaka kwenye jumba la mikutano la KICC, ili watazame ndani ya tufe la kung'aa lenye ukubwa wa mpira, lisome mboni za macho yao. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali 25, wakati huo kama shilingi 7,000 za Kenya. Kwa kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, hiyo ni kodi ya chumba.

Wachambuzi wengi walishangaa: hawa si ndio wanaoshuku teknolojia? Hapa ndipo watu hupotea katika mjadala huu. Kutoamini na kutotumia ni vitu viwili. Mtu anaweza kulishuku tufe, akalitazama, akachukua pesa, akaendelea kulishuku. Mkono mtupu haulambwi, na kampuni ililijua hilo. Ukihesabu watu waliosajiliwa ukasema "wametuamini," umehesabu njaa ukaiita imani. Serikali hufanya kosa hilohilo inapojisifia mamilioni waliojisajili baada ya kuambiwa watafungiwa laini.

Agosti 2, 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli hiyo. Bunge likaunda kamati. Ikajulikana kuwa Kamishna wa Data, msimamizi wa ile sheria ya 2019, alikuwa ameshawaambia waache miezi miwili hivi kabla. Shauri lililofunguliwa na shirika la Katiba Institute likafika Mei 5, 2025, na Jaji Roselyne Aburili akaamuru data za mboni zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna. Moja ya hoja ilikuwa kwamba idhini iliyonunuliwa kwa sarafu si idhini ya hiari. Nilipoisoma nilisimama kidogo. Ni mara chache sheria husema kwa lugha nyepesi kiasi hicho kwamba shida ya mtu isigeuzwe sahihi yake.

Kampuni zina hila moja ambayo serikali haina: zinaweza kusema hazipo. Mwaka 2022 aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook jijini Nairobi, Daniel Motaung, aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri kuangalia picha za mauaji na ukatili kutwa nzima. Utetezi wa Meta ulikuwa kwamba haikusajiliwa Kenya wala haiendeshi shughuli huko, hivyo mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Mamilioni ya Wakenya walikuwa wanaitumia asubuhi ileile. Februari 2023 mahakama ya kazi ikakataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Miaka miwili na zaidi ilikwisha kwa kubishania kama mshtakiwa yupo.

Jambo dogo langu. Jioni moja nilipigiwa simu na msichana mwenye sauti ya upole akaniuliza kama namfahamu fulani, akataja jina la jirani yangu. Nikasema ndiyo. Akaniambia jirani huyo ana deni, ametutaja kama wadhamini, na nimwambie alipe kabla ya saa mbili usiku. Sikuwahi kumdhamini mtu. Kumbe jirani alipopakua programu ya mkopo, alibonyeza "kubali", na orodha nzima ya majina kwenye simu yake ikanyonywa: mchungaji, mkwe, mwalimu wa mtoto, mimi. Wote tulipigiwa. Deni lilikuwa dogo kuliko bei ya gunia la mkaa. Alihama mtaa mwezi uliofuata bila kuaga mtu, na mimi bado sijui namba yangu iko kwenye madaftari ya nani. Kenya, kuanzia 2022, wakopeshaji wa namna hii wanatakiwa leseni ya Benki Kuu, na 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa mchezo huohuo wa kutumia majina ya kwenye simu. Ni hatua. Kwa jirani yangu imechelewa.

Serikali na kampuni, basi, hazisimami kwenye ncha mbili za kamba. Mara nyingi zimeshikana mikono juu ya kichwa chako. Laini yako imesajiliwa kwa amri ya serikali, kwa mashine ya kampuni. Julai 2021 Tanzania ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kampuni ndizo zilizokata. Watu wakarudi kwenye bahasha: pesa ya ada inafungwa, inapewa kondakta wa basi, unampigia mjomba akaipokee stendi. Serikali ilishusha tozo Septemba, ikashusha tena baadaye. Lakini chombo kile kilichojengewa imani kibandani kwa daftari na sahihi kilikuwa kimeonekana kwa sura nyingine, ya mrija. Hasara ya aina hiyo haiandikwi kwenye bajeti.

Ndiyo maana sishawishiki na kampeni za kujenga imani: matangazo ya redio, wasanii, fulana. Imani haiombwi. Anayetaka kuaminiwa afanye kazi ya kukaguliwa. Aseme hazina ya data iko wapi na ni nani mwenye ufunguo. Amruhusu mtu kukataa bila kuadhibiwa. Mashine ikikosea, pawe na binadamu mwenye jina na madaraka ya kurekebisha leo, kwa sababu bibi ambaye vidole vyake vimelika hana miezi sita ya kusubiri. Na asijitengenezee mlango wa nyuma. Muswada ule wa Fedha wa 2024 ulipendekeza, pamoja na mengine, mamlaka ya kodi isamehewe baadhi ya masharti ya sheria ya data, sheria ambayo wino wake ulikuwa na miaka mitano tu. Mwaka uliofuata, Mkenya Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma maoni yao juu ya Muswada wa Fedha wa 2025. Mashtaka yalitupwa. Lakini fikiria kijana mwingine mwenye ujuzi kama wake aliyekuwa anaangalia.

Sheria tunazo sasa, na nawasihi watu wazitumie. Kenya unaweza kumwandikia anayeshikilia taarifa zako ukamuuliza anazo zipi na kazitoa wapi. Asipokujibu, malalamiko yako kwa Kamishna yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mimi nimeandika barua kwa wale waliomfukuza jirani yangu mtaani. Nilijibiwa na ujumbe wa mashine, ukinishukuru kwa kuwa mteja wao. Sijawahi kuwa mteja wao. Nimeandika ya pili, na nakala nimepeleka kwenye Tume.

Na kuna wale wa foleni ya KICC. Amri ya kufuta ilitolewa, na Kamishna akapewa kazi ya kuisimamia. Mwaka 2022 mtu wa Kakamega aliweza kupakua fomu ya kituo chake, akaona sahihi ya wakala anayemjua. Aliyetazama ndani ya lile tufe apakue nini, aone sahihi ya nani?